Kiwanja Kabla ya Mkopo



Mada niliyopewa ni shughuli na fursa za wanachama wa vikundi vya vijana vijijini. Itaje mada hiyo kwa kiongozi yeyote kati ya Mapinga na Saadani, na jibu analo mdomoni: jiungeni, andikeni katiba, fungueni akaunti, muombe mkopo wa halmashauri. Si jibu baya, ila linaanzia katikati ya safari. Hoja yangu leo ni kwamba katika ukanda huu wa pwani ya Bagamoyo, kinachopungua haraka kuliko fedha ni mahali pa kufanyia kazi. Kikundi kilichopata mahali kinaweza kungoja mkopo mwaka mzima kisivunjike. Kikundi kilichopata mkopo bila mahali huwa kinagawana fedha, kisha kinagawana lawama. Kwa hiyo fursa ya kwanza ambayo kijiji kinaweza kuwapa vijana wake ni eneo: shamba, ukanda wa maji, kipande cha mikoko, kiwanja cha mpira, uwanja wa ngoma. Hilo kijiji kinaweza kulitoa hata kikiwa hakina shilingi, mradi kilitoe mapema.

Tuanze na mkopo wenyewe, maana ndio unaosemwa zaidi. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa ili kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Kwa nchi yenye benki zinazodai hati ya nyumba kabla hazijasikia jina lako, hili ni jambo kubwa, na waliolipitisha wanastahili shukrani. Lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zinarudia malalamiko yaleyale kila mwaka: marejesho yaliyokwama, vikundi visivyoonekana, wanachama waliotawanyika. Aprili 2023 serikali ikasimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili utaratibu upangwe upya, na ukarejeshwa mwaka 2024. Wengi walisema tatizo ni uaminifu wa vijana. Uaminifu una sehemu yake, sikatai. Lakini tazameni jinsi kikundi kinavyozaliwa. Tangazo linabandikwa ofisi ya kata, vijana wanatafutana jioni, mmoja anajua kuandika katiba kwa sababu alishaiandika nyingine, muhtasari wa kikao unatungwa, wanapiga picha ya pamoja. Mradi unaoandikwa ni ufugaji wa kuku au kilimo cha mboga, na penye swali la mahali pa mradi wanajaza “shamba la kukodi”. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nichague hoja hii. Kikundi cha aina hiyo hakikuwahi kuwa na shughuli kabla ya fomu, na fedha zikiisha hakuna kinachowakutanisha tena, isipokuwa labda risala ya Mwenge wa Uhuru.

Shamba la kukodi linaamua mengi zaidi ya gharama. Linaamua utapanda nini. Tikiti maji linavunwa baada ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo mtu wa kukodi msimu mmoja analimudu. Nanasi, zao lililoipa Kiwangwa jina mpaka masoko ya Dar es Salaam, linahitaji mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya tunda la kwanza, na faida yake nzuri inakuja shina linapochipua na kuzaa tena. Mkorosho unataka miaka mitatu ndipo uanze kuonyesha kitu. Mnazi mrefu wa pwani unataka sita au zaidi. Sasa kijana asiye na uhakika kama mwenye shamba atamwachia msimu ujao anapanda nini? Anapanda tikiti, pamoja na vijana wenzake wote waliokodi, wote wanavuna wiki moja, bei inaanguka, na mwenye lori ndiye anayecheka. Kisha tunakaa kwenye semina tunasema vijana hawana subira. Subira inataka ardhi. Hakuna mtu mwenye akili anayepanda mnazi kwenye shamba ambalo Desemba linarudi kwa mwenyewe.

Na ardhi yenyewe inakwenda. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani na watu milioni 1.1 hivi, ya 2022 ikaukuta na zaidi ya milioni 2. Katika miaka kumi mkoa umekaribia kujirudufu, na si kwa uzazi wetu peke yake. Jiji limetoka Bunju likaingia Mapinga, likapita Kerege, linaelekea Zinga na Kiromo kwa kufuata lami. Ekari ya mihogo inakatwa viwanja vya mita ishirini kwa thelathini, inawekwa vigingi vya saruji, na mnunuzi anaweza kukaa miaka kumi bila kuja kuona nyasi zake. Juu ya hayo ipo miradi mikubwa. Ranchi ya zamani ya RAZABA kule Makurunge, zaidi ya hekta 20,000, iliwahi kupewa kampuni ya Kiswidi kwa ajili ya miwa, mradi ukafutwa 2016, na sehemu ya ardhi hiyo leo ni shamba la miwa la mwekezaji mwingine. Makubaliano ya bandari ya Mbegani yalitiwa saini 2013, jiwe la msingi likawekwa 2015, mazungumzo yakakwama 2019, na tangu hapo bandari hiyo imekuwa habari ya kila msimu. Sipingi kiwanda wala bandari. Ninachotaka kionekane ni kwamba mradi mkubwa ukija, fidia hulipwa kwa mwenye shamba, mwenye nyumba na mwenye miti. Kijana anayelima kona ya shamba la baba yake haonekani kwenye daftari la tathmini. Mzee analipwa, analipa madeni, anajenga chumba na sebule, na kijana anaondoka na begi kwenda kutafuta kijiwe cha bodaboda. Kama kikundi chake kingekuwa na ekari zake zilizoandikwa, kikundi kingehesabiwa na chenyewe.

Baharini hali ni ileile, ila wengi hatuioni kwa sababu maji hayawekwi vigingi vya saruji. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kisha kikavuka kuja mwambao huu. Mlingotini wanakijua vizuri, na kikundi cha Msichoke kimetajwa sana na watafiti kwa sababu hakikuishia kuuza mwani mkavu, kimeingia pia kwenye sabuni. Kazi yenyewe inafuata mwezi. Wakati wa bamvua maji yanatoka mbali, wakulima wanashuka na kamba na vigingi, wanafunga vipande vya mbegu kwa vikamba vya taitai, kimoja kimoja, huku jua linachoma mgongo na maji yanangojwa kurudi. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanaanika, wanapima. Karibu wote ni kina mama, na wengi wao umri umekwenda. Vijana wamekuwa wakiiona kama kazi ya bibi zao, kwa sababu bei ya spinosum, mwani unaostahimili maji ya kina kifupi, ni ndogo mno kwa mtu anayetaka kujenga. Ule wenye bei ya juu zaidi, cottonii, umekuwa unakufa: maji ya kina kifupi yamepata joto, mmea unapauka, unaoza, unakatika.

Hapo ndipo penye kazi ya vijana, na nitakaa hapo kidogo. Njia iliyojaribiwa kuuokoa cottonii ni kuupeleka kwenye maji ya kina kirefu, ukining’inia kwenye kamba zenye maboya, mahali ambapo joto la maji halipandi kwa kasi. Kazi hiyo inataka mtumbwi, kuogelea, kuzamia kukagua nanga, na mgongo wa miaka ishirini na mbili. Bibi hawezi, na hatupaswi kumtaka aweze. Kijana anaweza. Lakini mahali pa kufunga kamba hizo ndipo wanapopita wavuvi wa nyavu, na ngalawa nazo zina njia zao. Kijana mmoja mmoja akienda kufunga kamba zake atakuta asubuhi zimekatwa, na hana wa kumlalamikia. Kikundi kikikubaliana na BMU ya kijiji, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi wa pwani, mpaka ukachorwa kwa maboya yanayoonekana, saa za kupita vyombo zikawekwa, na kijiji kikaandika makubaliano hayo kwenye kumbukumbu zake, basi mwani una ulinzi. Kanuni za uvuvi za 2009 zinazitambua BMU, kwa hiyo meza ya kukalia ipo. Mtaji wa kamba na maboya ni jambo la mkopo, naam, lakini bila makubaliano ya eneo mkopo huo ni wa kununulia kamba za kukatwa. Chuo cha uvuvi cha Mbegani kiko hapa hapa, na ningependa kuona walimu wake wakiitwa vijijini kufundisha kufunga nanga na kukagua maboya mara nyingi kuliko wanavyoitwa kwenye ufunguzi wa warsha.

Mikoko nayo imekuwa shughuli ya vikundi, hasa Siku ya Mazingira. Basi linakuja, fulana zinagawiwa, vijana wanachomeka mbegu za mkoko kwenye tope, picha zinapigwa, basi linaondoka. Miezi sita baadaye hakuna kitu. Sababu mojawapo ni kwamba mbegu ya mkoko ni ndefu na rahisi kuchomeka, basi inachomekwa popote, hata ukingoni kabisa mwa bahari ambapo kwa asili husimama mlilana, au sehemu ambazo mchu ndio unaozimudu. Mawimbi yanaing’oa. Sababu ya pili ni kwamba eneo hilo si la mtu, kwa hiyo mbuzi akiingia au mkata nguzo akija hakuna anayejali. Ardhi ya mikoko ni hifadhi ya serikali, haitagawiwa kikundi iwe mali yake, na ni sawa. Lakini makubaliano ya usimamizi wa pamoja yanawezekana chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, na kikundi chenye kipande kinachojulikana, kutoka kijito hiki hadi kile, kitarudi kuhesabu miche, kitatundika mizinga, kitanenepesha kaa pembeni. Asali ya mikokoni inauzika. Fulana za siku moja hazijawahi kulea mti.

Yupo atakayesema nimezungumzia uzalishaji tu, na vijana si trekta. Kweli kabisa. Nadhani wanaopanga miradi ya vijana wamesahau kwamba mwambao huu ulikuwa na vikundi imara vya vijana kabla ya neno “mradi” kuzoeleka. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima, kilichotoka 1975, juu ya ngoma ya beni. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo, michango, sare, na utaratibu wa kusaidiana kwenye maradhi na misiba, na vilienea kutoka pwani hadi bara bila afisa maendeleo hata mmoja. Vilidumu kwa sababu kulikuwa na kitu cha kufanya na mahali pa kukifanyia, na mahasimu wa kushindana nao. Tuje karibu zaidi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa 1981, tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, na tamasha lake limekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ukumbi uliungua 2002, mwingine ukafunguliwa 2008. Kukizunguka chuo hicho vimezaliwa vikundi vya ngoma, sarakasi na uchongaji ambavyo hakuna aliyeviorodhesha kwenye mpango wowote. Wahitimu walibaki, wakaoa hapa, wakafundisha watoto wa jirani. Hiyo ni kazi ya mahali: lilitolewa eneo moja lenye shughuli ya kudumu, na vikundi vikaota vyenyewe pembeni. Kijiji kinachouza kiwanja chake cha mpira kwa sababu mnunuzi ametoka mjini na fedha mkononi kinauza ofisi pekee ambayo vijana wake wanahudhuria kila jioni bila kuitwa.

Pingamizi la kwanza nalijua, na huwa linatolewa na wazee kwa sauti ya chini: tukiwapa, watauza. Nalichukua kwa uzito, kwa sababu wako vijana waliouza hata la urithi. Lakini kinachopendekezwa si kumkabidhi kila mmoja robo ekari. Ni hakimiliki ya kimila kwa jina la kikundi, ambayo haiwezi kuhamishwa bila idhini ya halmashauri ya kijiji, na ambayo kijiji kinaweza kuitoa kwa muda na kwa masharti, likiwamo la kurudisha ardhi kikundi kikifa. Na kwa haki kabisa tuulize: mashamba yaliyokwisha kuuzwa kando ya barabara ya Bagamoyo, waliotia saini walikuwa na umri gani? Hawakuwa wa miaka ishirini.

Pingamizi la pili linasema vijana wenyewe hawataki jembe, wanataka pikipiki. Kuna ukweli. Bodaboda inalipa leo jioni, nanasi linalipa mwakani, na mwenye njaa hapangi mwakani. Ila vitu hivi viwili havigombani. Dereva wa bodaboda anaweza kuwa na sehemu yake kwenye shamba la kikundi na kutoa siku moja kwa wiki. Kazi ya nanasi baada ya kupanda ni palizi zaidi kuliko kitu kingine. Serikali yenyewe, ilipoanzisha mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, ilianza kwa kutafuta ardhi na kuisafisha, mashamba makubwa ya pamoja kama lile la Chinangali huko Dodoma. Walielewa kwamba ardhi inatangulia. Tofauti yangu na mpango ule ni kwamba unamtoa kijana kijijini kwake kumpeleka kwenye shamba la mbali pamoja na wasiojuana, wakati ekari kumi nyuma ya shule ya msingi ya kijiji chake zinaendelea kukatwa viwanja.

Wengine watanikumbusha mashamba ya shule. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 iliipa karibu kila shule shamba, na mwisho wake wengi walioyalima wanayakumbuka kama adhabu, au kama mahindi ya mwalimu mkuu. Kenya walikuwa na vilabu vya 4K tangu 1962, vya kuungana, kufanya na kusaidia Kenya, vikafifia kwa miaka mingi, vikafufuliwa 2021. Somo la pande zote mbili ni moja kwa maoni yangu: eneo peke yake halitoshi kama mavuno si ya anayelima. Kijana aliyepalilia lazima aone daftari, ajue gunia lilikwenda wapi, na aweze kumng’oa mwekahazina. Hapa kwetu, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inavitaka hata vikundi vya kuweka na kukopa visajiliwe. Wengi wanailalamikia, lakini daftari linalokaguliwa ndilo rafiki wa mwanachama mnyonge.

Na wasichana? Hapa hoja yangu ina udhaifu ambao siwezi kuufunika. Kiwanja cha mpira ni cha wavulana mpaka pale kijiji kinapoamua vingine, na ardhi ya “vijana” ikigawiwa bila uangalifu itakuwa ya kaka zao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kuomba, na inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wanawake wasiopungua watatu kati ya wajumbe saba. Utekelezaji ni jambo jingine. Kikundi kinachofanya vikao saa mbili usiku kimeshawafukuza wasichana bila kuandika popote. Kinachopanga kazi kufuata bamvua, mchana, jirani na mama zao wa mwani, kitawaona. Ningeweka sharti kwenye ombi la hakimiliki lenyewe: wasichana wasipofikia nusu ya wanachama, lisubiri.

Sasa, ndugu zangu, kwa wale watakaoniuliza kama ardhi bado ipo: ipo zaidi katika vijiji vya Yombo, Fukayosi, Makurunge na kule Chalinze kuliko ilivyo Mapinga, na hata huko haitakaa muda mrefu. Kifungu cha 22 cha sheria ile ya 1999 kinaruhusu si mtu mmoja tu bali familia, au kundi la wanakijiji waliojiunga katika chama, kuomba hakimiliki ya kimila kwenye halmashauri ya kijiji. Halmashauri hiyo haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali, na mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ombi likishapokelewa, halmashauri ina siku tisini za kulitolea uamuzi. Kijiji kikishatangazwa kuwa eneo la mipango miji, mlango huo unafungwa, na ardhi inaingia kwenye mkono wa wapimaji na bei ya soko. Kwa hiyo kikundi kisingoje fomu ya mkopo ibandikwe. Kiandike barua sasa, kieleze ekari ngapi, mahali gani, zao gani na kwa miaka mingapi, kiambatanishe majina na daftari la vikao vya kweli, kipeleke kwa mtendaji wa kijiji, kihakikishe imesainiwa kuwa imepokelewa, kibaki na nakala. Kisha wanachama wote wahudhurie mkutano mkuu ujao, wakae mbele, na suala lao liwe kwenye ajenda, wasiliache likasukumwa kwenye mengineyo.